Kifaa Namba Moja

Fomu ilikuja Jumatatu, kurasa kumi na nane, na Mkurugenzi akaniita niijaze kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wa kwake, ukipoa siku mbili, hata yeye mwenyewe huja kuniuliza aliandika nini.

Tulimwita Mkurugenzi kwa kuwa neno hilo lilipakwa kwenye mlango wa chumba chake. Ndani kulikuwa na meza moja, viti viwili na marobota ya mkonge mpaka darini, kwa hiyo mgeni akija ilibidi kwanza tutoe robota moja ili miguu yake ipate pa kukaa. Karakana yetu inatengeneza mikoba. Tunausokota mkonge, tunautia rangi, tunaufuma, tunaushonea vipini vya ngozi, na kontena likijaa mikoba inakwenda Ulaya, ambako wanawake huitundika begani wakienda kununua mboga. Hilo la mboga tuliliona kwenye picha.

Mnunuzi wa huko aliandika kwamba sheria ya kwao ya kemikali imekazwa. Kila kinachoingia sokoni lazima kijulikane kimetengenezwa kwa nini, kimepimwa kwa kifaa gani, na kama hakina ndani yake kitu chochote kati ya vile vilivyo kwenye orodha. Orodha yenyewe ilibandikwa nyuma ya fomu: majina zaidi ya mia mbili, mengine marefu kama treni ya mizigo. Bila fomu, mikoba yetu elfu tatu haipokelewi.

"Tuanze na rahisi," Mkurugenzi akasema. "Jina la rangi."

"Nyekundu, bluu, kijani, nyeusi."

"Wanataka jina la kemikali."

Nikaenda kuleta kopo. Kopo la nyekundu halikuwa na maandishi, lilikuwa na picha ya jogoo.

"Andika nyekundu ya jogoo," akasema.

Tukafika sehemu ya sita. Ilitaka tutaje vifaa vyote vinavyotumika kupima rangi kabla nyuzi hazijatiwa, na kila kifaa kipewe namba. Chini yake palikuwa na jedwali: aina ya kifaa, namba, kilipotengenezwa, mwaka kilipoanza kazi, hali yake.

"Tuna kifaa gani?" akaniuliza.

"Mwiko."

"Mwiko unapima nini? Huo unakoroga."

"Basi hatuna."

"Karani, kisanduku kitupu ni sawasawa na kukiri kosa. Hapa rangi inapimwaje?"

"Mama Mdogo anaonja."

"Anaonja kwa kutumia nini?"

"Ulimi."

"Sasa si hicho. Andika ulimi."

Nilidhani ananitania, lakini Mkurugenzi hana utani na fomu. Akajiegemeza kwenye robota, macho yakamng'aa. "Hawa watu wanapenda vitu vya asili. Namba?"

"Uko mmoja tu."

"Namba moja. Kilipotengenezwa?"

"Nyumbani kwa babu."

"Andika hapa hapa nchini, hilo nalo wanalipenda. Mwaka wa kuanza kazi hesabu kumi na tisa nyuma. Hali?"

Nikasita.

"Hali nzuri," akasema. "Andika."

Nikaandika. Ila hali haikuwa nzuri, na katika karakana nzima nilikuwa najua mimi peke yangu, ukiacha mwenye ulimi.

Mama Mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Karakana nzima imelichukua jina hilo kutoka kwangu, hata Mkurugenzi anayemzidi umri humwita hivyo hivyo. Yeye ndiye mtia rangi. Uani, chini ya bati, yanachemka mapipa manne, na katika kila pipa kuna maji, unga wa rangi na siki. Siki ikipungua, mkonge haushiki rangi, mwenye mkoba akinyeshewa nguo zake zinaharibika. Ikizidi, nyuzi zinakakamaa na kukatika mikononi mwa mfumaji. Ili kujua imefika, Mama Mdogo huchota kwa kijiko, hupuliza, hugusisha ulimi, hutema pembeni, halafu husema "bado" au "tia". Hakosei. Mara ishirini, mara thelathini kwa siku, na siku ya oda kubwa hata mara hamsini.

Mwezi wa nne niliona choo. Choo cha karakana ni cha vigae vyeupe na zamu ya kukiosha ni yangu. Alitoka yeye nikaingia, maji hayajashuka vizuri, na vigae vilikuwa vyekundu.

Nikamuuliza. Akacheka. "Mtia rangi anakojoa rangi, mwanangu. Hata aliyenifundisha kazi alikuwa hivi hivi. Unadhani ninachoonja kinakwenda wapi?"

Nilikubali, maana kazi anaijua yeye. Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na nina subira. Nikangoja. Ikaja oda ya bluu tupu. Wiki mbili hakuna aliyefungua kopo jingine. Ulimi wake ukawa bluu, kucha zikawa bluu, hata mate aliyotema kwenye mchanga yalikuwa bluu. Choo kikabaki chekundu.

Nikamwambia. Akasema nyekundu ni rangi kaidi, inachelewa kutoka. Nikamwambia twende hospitali kubwa. Akasema alishakwenda zahanati, wakampa vidonge na kumwambia anywe maji, na maji anakunywa. Tena siku atakayokosekana pipani ataletwa mtu mwingine, huyo mtu ataharibu mkonge, na lawama itamrudia yeye. Tuligombana hivyo miezi miwili, kwa sauti ya chini, kwa sababu chumba chetu na cha jirani vimetenganishwa na mbao.

Fomu ikaenda, pamoja na kipande cha mkonge cha kila rangi kwa ajili ya maabara ya huko. Baada ya wiki saba akaja Mkaguzi.

Alikuwa mtu wa kwetu tu, ameajiriwa na kampuni ya ukaguzi, amevaa kizibao cha kung'aa na viatu vizito, na mkononi ana tableti ambayo alikuwa akiishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake. Mkurugenzi alikuwa ametuamuru tupige deki tangu asubuhi, kwa hiyo alipokaribishwa uani aliteleza kidogo. Tukajifanya hatukuona, isipokuwa Redio. Redio ni mshonaji wa vipini. Tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Pole, baba," akamwambia. "Tumesafisha kupita kiwango."

Mkaguzi akaanza na majibu ya maabara. Bluu imepita. Kijani imepita. Nyeusi imepita. Nyekundu imeanguka.

"Imeangukaje?" akauliza Mkurugenzi.

"Rangi hii ina kitu ambacho kikivunjika kinazaa kitu kingine, na hicho kingine kimo kwenye orodha. Kinaleta saratani. Kiwango kinachoruhusiwa ni thelathini. Yenu imepata mia nne na kumi."

"Mia nne na kumi kati ya ngapi?" Mkurugenzi akauliza, na sauti yake ilikuwa bado na tumaini.

"Si maksi, mzee. Ikiwa ndogo ndiyo nzuri."

"Inamdhuru nani?" Redio akauliza, sindano mdomoni.

"Anayeuvaa. Mkoba unagusana na ngozi ya bega kwa muda mrefu."

"Bega."

"Ndiyo."

"Na anayeionja ikiwa inachemka?"

Mkaguzi akashusha kurasa kwa kidole, akazipandisha, akazishusha tena. "Kuonja hakumo," akasema. "Nadhani hawakutarajia."

Mkurugenzi alikuwa ameshapata ufumbuzi. Huyo hakosi ufumbuzi. Anachokosa ni tatizo lenyewe. "Hakuna neno," akasema. "Nyekundu haitakwenda huko. Tutaiuza hapa. Mabega ya hapa yamezoea. Mama Mdogo, wewe endelea na pipa lako la nyekundu kama kawaida."

Mama Mdogo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amesimama kando ya pipa hilo hilo, na hakuonekana kama mtu aliyesikia neno saratani. Alionekana kama mtu aliyehakikishiwa kazi.

"Sasa nionyesheni kifaa namba moja," Mkaguzi akasema.

Mkurugenzi akakohoa. "Mama Mdogo, hebu."

Akasogea mbele, akafuta midomo kwa upindo wa nguo, akatoa ulimi kama anayeonyesha kitambulisho. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye koo. Mkaguzi akautazama, akatazama tableti, akautazama tena.

"Mliandika ulimi," akasema.

"Tuliandika," nikasema.

"Ofisini tulidhani ni kosa la tafsiri."

"Basi kifute," akasema Mkurugenzi.

"Mfumo haufuti. Kifaa kikishaingia kimeingia. Kinaweza kuhakikiwa, kinaweza kupelekwa matengenezo, kinaweza kuondolewa kazini. Kikipotea nahitaji ripoti ya polisi."

"Mhamishie kwa wafanyakazi, basi. Huyu ni mfanyakazi wangu wa miaka yote."

"Kwa wafanyakazi kuna swali moja tu, idadi yao. Mmejaza ishirini na mbili. Hilo limepita."

Mama Mdogo alikuwa bado ametoa ulimi. Nikamgusa mkono, akaurudisha.

Mkaguzi akavuta kiti, akaketi katikati ya mapipa, akaanza kutusomea masharti ya vifaa, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wanafunzi. Kifaa kisiachwe juani. Kisiwekwe karibu na mvuke wala moshi. Kisifanye kazi zaidi ya saa nane bila kupumzishwa. Kisafishwe kwa maji safi kila baada ya matumizi. Kiwe na mtu maalumu wa kukiangalia. Kikionyesha dalili ya kuchoka, kisilazimishwe.

"Haya, na mimi niandikwe," akasema Redio. "Baba, hebu tazama kama kuna nafasi ya kidole gumba."

"Nyamaza wewe," Mkurugenzi akamwambia.

"Siwezi kunyamaza, nimechoka, na nikichoka nisilazimishwe."

Watu wakacheka, hata Mkaguzi akainamisha uso. Lakini akaendelea, na sharti lililofuata lilimfanya Mkurugenzi avue kofia. Kifaa kilichogusa kitu kilichokatazwa hakiruhusiwi kugusa bidhaa nyingine ya shehena mpaka kipimwe na mtaalamu na kipewe cheti.

"Kikisuuzwa je?"

"Nasuuza kila siku," Mama Mdogo akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza, na alilisema kwa heshima ya kazi yake.

"Lazima mtaalamu, mama. Kwa gharama za kiwanda." Mkaguzi akamgeukia Mkurugenzi, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake. "Mzee, mambo si mabaya hivyo. Kama kifaa hakina hitilafu iliyoandikwa, shehena inaondoka na mnapewa miezi kumi na miwili ya kuleta cheti. Mwakani nani atakumbuka."

"Hakina hitilafu," akasema Mkurugenzi. "Huyu ni chuma."

Nikajikuta nimeuliza. "Na kikiwa na hitilafu?"

Wote wakanigeukia, kwa sababu siku nzima nilikuwa sijauliza kitu.

"Hapo shehena inasimama," Mkaguzi akasema. "Mpaka kifaa kipelekwe kwa mtaalamu. Kwani daftari la kifaa linajazwa na nani?"

"Ni huyu karani wetu," akasema Mkurugenzi. "Ana mwandiko mzuri."

Mkaguzi akanipa tableti. "Mwandiko hauhitajiki, bonyeza tu. Hapa, dalili za hitilafu. Kama hakuna, andika hakuna."

Nilimtazama Mama Mdogo. Alijua. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayefukuza inzi bila kutaka inzi mwenyewe ajue.

"Mwanangu," akasema.

Miezi kumi na miwili, nikawaza. Mara thelathini kwa siku, na nyekundu ya jogoo juu yake, kwa ajili ya mabega ya hapa. Nikaanza kutafuta herufi. Mimi si mwepesi wa kubonyeza, na watu ishirini na wawili walikuwa wananingoja. Nikaandika: Mkojo una damu tangu mwezi wa nne. Wiki za bluu pia.

Mkaguzi akapokea, akasoma. Akasoma tena. Akamtazama Mama Mdogo, safari hii usoni. Kisha akaweka kidole na kubonyeza, na tableti ikatoa mlio mdogo.

"Imepita?" akauliza Mkurugenzi.

"Imesimama," Mkaguzi akasema.

Mkurugenzi akaomba kuona. Alisoma kwa kusogeza midomo, na alipofika kwenye damu midomo ikaacha kusogea. Redio naye akaomba kuona, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisoma kitu bila kukitangaza.

Mama Mdogo alirudi nyumbani mbele yangu, mwendo wa mtu anayefuatwa na mbwa. Mlangoni akasimama. "Umenivua nguo mbele za watu," akaniambia. Akaacha kunisemesha. Akitaka chumvi alikuwa anaiomba kwa jirani, kupitia mbao.

Siku nne Mkurugenzi alihangaika kila upande. Alipiga simu ofisi za Mkaguzi akaambiwa hitilafu haifutwi kwa simu. Akafikiri kubadilisha kifaa. Akamwendea Redio kwa maneno matamu, kwamba ni cheo, tena kipya, mshonaji mwenye ulimi.

"Huu una kazi nyingine," Redio akamjibu, "na kazi yenyewe unaijua, Mkurugenzi, maana ndiyo inayokuudhi."

Akanigeukia mimi. Nikamwambia kifaa kipya kinahitaji cheti cha aliyekitengeneza, na aliyenitengeneza mimi ni marehemu. Alikaa akalifikiria hilo, akaona ni kweli, akanipa pole.

Siku ya tano akaandika barua, nikainakili upya ili isomeke. Juu yake iliandikwa: YAH: KUPELEKA KIFAA NAMBA MOJA KWA UHAKIKI. Akamweka Mama Mdogo mbele kwenye pikapu, kiti ambacho tangu gari linunuliwe hakijakaliwa na mtu wa uani. Mimi nikapanda nyuma na marobota. Mama Mdogo hakutaka kwenda, lakini Mkurugenzi alimwambia kwamba mikoba elfu tatu na watu ishirini na wawili wanamngoja yeye, na ukitaka kumtoa Mama Mdogo mahali popote, mwambie kazi imesimama.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. "Mgonjwa ni nani?"

"Si mgonjwa, daktari," akasema Mkurugenzi. "Ni kifaa." Akatoa barua.

Daktari aliisoma yote, mpaka muhuri. "Na wewe ni nani?"

"Mwenye kifaa."

"Mwenye kifaa atatusubiri nje," akasema daktari, akafunga mlango mwenyewe.

Mama Mdogo akaketi ukingoni mwa kiti. "Siumwi," akaanza. "Ni maneno ya huyu mtoto. Mimi ni mtia rangi." Daktari akamuuliza mambo mengi, kwa utaratibu, na yeye akajibu kama anayejibu maswali kuhusu mtu mwingine. Miaka kumi na tisa. Ndiyo, kwa ulimi. Anatema, ila siku zote kidogo kinashuka. Maumivu hakuna. Hapo nikatoa ile karatasi ya maabara, ya nyekundu, aliyotuachia Mkaguzi, ambayo Mkurugenzi alitaka kufungia vitumbua vya chai na mimi nikaiomba. Daktari aliisoma kwa makini kuliko alivyosoma barua. Akaweka kucha chini ya jina moja refu.

"Hii mmeipata wapi?"

"Imetoka Ulaya," nikasema. "Kwa ajili ya mabega."

"Bila hii ningempa vidonge na kumwambia anywe maji."

"Ndivyo walivyosema zahanati," akasema Mama Mdogo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

Wakampima mkojo, kisha siku ya tatu wakampima kwa kamera ndogo inayoingia ndani. Daktari akatuita. Kwenye kibofu kulikuwa na uvimbe, mdogo, kama punje ya mahindi, bado haujazama. Utakatwa. Atakuwa anaangaliwa kila miezi mitatu, halafu kila mwaka. Umewahiwa, akasema, lakini umewahiwa kwa kidogo sana. Mwaka mmoja mbele asingetuambia maneno haya.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Mkurugenzi alikuwa dirishani akimwuliza karani wa hospitali kama uvimbe unahesabiwa ni matengenezo madogo au makubwa.

"Kwa hiyo ilikuwa damu," Mama Mdogo akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ile ya Mkaguzi.

"Ndiyo."

"Haikuwa nyekundu ya jogoo."

"Hapana, mama."

Akatazama mikono yake. "Aliyenifundisha kazi alikufa kwa mkojo," akasema. "Tulisema ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na minane."

Nikasogea karibu naye.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili yake Mkurugenzi akaja wodini na machungwa na cheti cha kujazwa. Cheti kilikuwa na visanduku vitatu: kinafaa, kinafaa kwa masharti, hakifai. Alimwomba daktari amsaidie angalau na cha katikati. Daktari akatia alama kwenye cha mwisho, kisha akageuza karatasi na kuandika nyuma yake, kwa mwandiko mbaya kuliko wa Mkurugenzi, kwamba katika karakana ile mtu yeyote asionje rangi yoyote, na kwamba wote wa uani waletwe wapimwe, watu watano.

"Hata kwa bluu tu, daktari?" Mkurugenzi akauliza. "Bluu ilipita."

"Kwenye bega," akasema daktari.

Basi akampigia Mkaguzi, sauti imemkauka, kumwuliza kiwanda kisicho na ulimi kinapimaje siki. Mkaguzi akamwambia kuna vikaratasi. Unachovya kwenye pipa, kinabadilika rangi, unalinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kiboksi. Vinauzwa duka lolote la vifaa vya shule, na kiboksi cha mia moja kinaingia kwenye mfuko wa shati.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Sehemu ya sita inauliza mlichonacho," Mkaguzi akasema. "Haiulizi mnachokosa."

Kwenye mfumo nikabonyeza: kifaa namba moja, kimeondolewa kazini. Kifaa namba mbili, karatasi. Mfumo ukashukuru. Shehena ikaondoka ikiwa ya bluu, kijani na nyeusi, na mnunuzi akaandika barua ya pongezi, kwamba wateja wake watafurahi kusikia jinsi tunavyojali. Mkurugenzi ameitundika ofisini. Ilibidi tutoe marobota mawili ili ionekane.

Ile mikoba myekundu iliyokuwa stoo, mia sita na kitu, aliiuza sokoni kwetu wiki hiyo hiyo sisi tuko hospitali. Muuguzi aliyemfunga Mama Mdogo bandeji alikuwa nao mmoja. Nikamwambia. Akaunusa, akaugeuza, akasema mbona mzuri, akautundika tena begani. Baadaye nilimwona amemwita daktari pembeni, na siku iliyofuata alikuja na mfuko wa plastiki. Huo ni mmoja. Redio amejipa kazi ya kumwonya mwenye kila mwingine anaokutana nao njiani, na kusema kweli sijui mtu mwingine anayeifaa zaidi hiyo kazi. Mkurugenzi alitaka tutie nyekundu nyingine, lakini watu watano wa uani, waliokuwa bado wanangoja majibu yao, waliweka miiko chini na kumwomba akoroge yeye. Majibu ya wanne yametoka safi. Mmoja anarudia mwezi ujao.

Mama Mdogo amerudi kazini, meza ya vipini, upande wa pili wa Redio, mbali na mvuke. Hajaridhika. Anasema vipini ni kazi ya watu waliokosa kazi. Kila asubuhi anasimama mlangoni mwa uani, mikono nyuma, ananitazama nikichovya karatasi.

"Inasema nini?"

"Inasema bado."

"Bado ilishapita zamani, hapo ni kutia," ananiambia. Nangoja kidogo, nachovya nyingine, na mara nyingi inakuwa kama alivyosema, kwa sababu siku hizi anajua kwa mvuke tu, akiwa mbali.

Jana aliniuliza vile vikaratasi vina ladha gani. Nikamwambia sijui, sijaonja. Akanitazama muda mrefu, jicho kwa jicho, kama nilivyokuwa nikimtazama yeye wiki zile za bluu. Halafu akarudi kwenye meza yake, akavuta uzi, akaendelea kushona.